Seli mpya katika ubongo wa mtu mzima: kazi yake hasa ni nini?



Kila mzee akisahau jina la mtu, utasikia wakisema ati ubongo wa mtu mzima ni mtungi uliotoboka: cha zamani chavuja, kipya hakiingii. Kauli hii haikuanzia barazani. Santiago Ramón y Cajal, bingwa wa Hispania wa elimu ya neva, aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa seli za neva za mtu mzima hufa na hazizaliwi tena, na wasomi wakamfuata. Mwaka 1965 Joseph Altman na Gopal Das, huko Marekani, walionyesha seli changa katika ubongo wa panya wakubwa, lakini kwa miaka mingi wengi hawakuwajali.

Zinazaliwa wapi? Si kila mahali. Mahali panapohusu kumbukumbu ni hipokampasi, kipande kilichojikunja ndani ya kichwa, usawa wa sikio, kimoja kila upande. Mlangoni mwake kuna tabaka la seli ndogo ndogo nyingi. Hapo ndipo.

Sasa wengi hudhani kila jambo jipya hupewa seli mpya, kama mtoto anayepewa daftari. Sivyo. Kazi kubwa ya mlango huo ni kutenganisha mambo yanayofanana. Hebu fikiria harusi mbili, mwaka jana na mwaka huu: ukumbi ule ule, wageni wale wale, pilau ile ile. Nani alikaa nawe meza moja safari hii? Bila kitenganishi, harusi mbili zinakuwa moja.

Seli kongwe za mlangoni ni kimya sana, ni chache tu zinazoamka kwa wakati mmoja. Seli changa ni tofauti. Kwa panya, ikifika wiki ya nne mpaka ya sita, hushtuka upesi na maungio yake hubadilika kirahisi. Tena huamsha seli nyingine zenye kazi ya kunyamazisha zile kongwe, ili kelele ipungue. Mwaka 2009 watafiti walizuia seli hizi zisizaliwe. Panya wakashindwa kutofautisha sehemu zilizokaribiana, lakini zilizo mbali waliziweza. Mwaka 2011 wengine wakaziongeza, na panya wakatofautisha vizuri zaidi mahali pawili panapofanana.

Lakini ina gharama. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walionyesha kuwa seli zikiongezwa baada ya panya kujifunza jambo, jambo lile husahaulika. Yaani mgeni akiingia, nyumba hupangwa upya. Kwa hiyo kusahau nako ni sehemu ya kazi, sio uharibifu tu.

Je, binadamu? Hapa ndipo penye ubishi. Mwaka 1998 Peter Eriksson na Fred Gage walitoa ushahidi wa kwanza. Mwaka 2013 kikundi cha Jonas Frisén wa Stockholm kilitumia kaboni-14 iliyotapakaa hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, kikakadiria seli 700 kwa siku kila upande. Mwaka 2018 wengine wakatafuta kwa watu wazima wasione kitu. Mwaka 2025 kikundi cha Stockholm kikaziona seli mama zikigawanyika hata kwa watu wazima, ila kwa kiwango kinachotofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu wazee wetu wanauziwa vidonge vya "kuzalisha seli za ubongo". Hakuna kidonge kilichothibitishwa kufanya hivyo kwa binadamu kikamrudishia kumbukumbu. Mwaka 1999 ilionekana kuwa panya wanaokimbia kwenye gurudumu huongeza seli hizi, lakini panya ni panya. Kutembea, na kudhibiti presha na sukari, kuna faida kwa ubongo hata kama ubishi huu hautaisha. Na mzee anayepotea njia aliyoizoea asiambiwe "ni uzee tu". Mpelekeni kwa daktari, na fedha ya vidonge mnunulieni viatu vya kutembelea.