Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unasikia

Ndugu mfanyakazi, swali hili tunaulizwa mara nyingi siku ya kupima watoto: « Munganga, bibi yangu angali ananyonyesha, mimba imetoka wapi? » Wengine wanafika na hasira, wengine wanaanza kushuku jirani. Usishuke huko. Jibu liko kichwani mwa mama, mahali padogo chini ya ubongo, nalo linakuhusu wewe baba pia.

Unajua kwamba kazini mashini kubwa haiwaki bila amri. Katika mwili, amri ya uzazi inatoka sehemu ya ubongo inayoitwa hipotalamu. Inatoa homoni moja, GnRH, kidogo sana. Chini yake imening'inia tezi ya hipofizi, kubwa kama punje ya njegere. Hipofizi ikipokea amri inatia homoni mbili katika damu, LH na FSH. Kwa mwanamke hizo zinakomaza yai na kulitoa. Kwa mwanaume zinaendesha kazi ya makende. Ndiyo, baba, hata wewe unaongozwa na kitu hicho hicho.

La ajabu ni kwamba amri haitoki mfululizo. Inatoka kwa mapigo, na siku ambazo yai linakomaa pigo linakuja kila saa moja au saa moja na nusu hivi. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake, kule Pittsburgh, Marekani, walionyesha jambo hili kwa nyani ambao hipotalamu yao haikutoa tena amri. Walipowapa GnRH mara moja kwa saa, hipofizi ilirudi kazini. Walipoitia bila kukatisha, hipofizi ilinyamaza. Ni kama kapita anayepiga kelele kutwa nzima: mwisho watu hawamsikilizi.

Basi nani anaongoza mapigo yenyewe? Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa na wa Marekani walichunguza familia ambazo watoto wao hawakubalehe. Waliona kwamba mwili wao haupokei ujumbe wa kitu kinachoitwa kispeptini. Chembe za kispeptini ndizo zinazoamsha GnRH, nazo zinapokea habari za mwili mzima. Mwili ukikosa chakula siku nyingi, mapigo yanapungua. Na mtoto akivuta titi, habari inapanda kwa mishipa ya fahamu mpaka ubongoni: mapigo ya GnRH yanalegea, homoni nyingine, prolaktini, inapanda, na yai halitoki.

Lakini ni lazima avute mara nyingi. Hayo yalipimwa hapa hapa nchini kwetu. Pierre Delvoye, Claude Robyn na wenzao walipima damu ya kina mama wa Kivu, wakatangaza matokeo mwaka 1977. Mama aliyenyonyesha zaidi ya mara 6 kwa siku, prolaktini yake ilibaki juu kupita mwaka mmoja baada ya kuzaa. Kwa wale walionyonyesha mara chache, ilishuka ndani ya miezi 6. Wote walikuwa na maziwa. Tofauti ilikuwa hesabu ya kunyonya.

Wazee wa kambi za Katanga waliyaona bila kupima damu. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto kambini, na waganga wake, Léopold Mottoulle mbele, walisimamia uzazi na malisho ya watoto. Mtoto alipewa chakula cha kampuni, mama akaachisha mapema kuliko desturi ya kwao, na mimba zikakaribiana. Kampuni haikuchukia: watoto hao walikuwa wafanyakazi wa kesho.

Sasa wewe unarudi posti ya usiku, unataka kulala, mtoto analia, unamwambia mama: « Mpe biberoni anyamaze. » Nakuelewa, usingizi wa mchimbaji si mchezo. Lakini kila biberoni inaondoa mara moja katika hesabu ile, na za usiku zina uzito wao.

Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 waliweka masharti 3: mtoto hajapita miezi 6; anaishi kwa titi tu au karibu tu, mchana na usiku; na damu ya mwezi haijarudi. Yote 3 yakiwepo, mama hawafiki 2 katika 100 watakaopata mimba. Moja likianguka, kinga imeanguka.

Siku hiyo hiyo nendeni pamoja kwa munganga kuuliza njia nyingine, nanyi mwendelee kumnyonyesha mtoto. Msingoje mpaka damu ionekane, maana yai linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza: hivyo ndivyo mama anavyobeba mimba bila kuona mwezi hata mmoja.