Usimwambie Mgeni "Haumi"

Katika vijiji vya Munje na jirani zake, kwenye pwani ya Kwale, mgeni bado hupiga hodi kwa sauti yake mwenyewe. Husimama nje ya ua, hutamka hodi, kisha husubiri kukaribishwa. Mbwa aliyeachwa huru uani huivunja desturi hiyo kabla mwenye nyumba hajajua kwamba kuna mtu. Mgeni hurudi nyuma, mbwa husogea mbele, na mwenyeji akitokea, jambo la kwanza analosema ni, "Usiogope, haumi." Hoja yangu ni kwamba maneno hayo, hata yakiwa ya kweli, hayamsaidii mgeni wala mbwa. Kazi ya mwenye mbwa si kumshawishi mgeni amwamini mnyama asiyemjua. Kazi yake ni kuipanga nyumba hivi kwamba mgeni hatahitaji kumwamini.

Tuanze na hofu yenyewe, kwa sababu wafugaji wengi huichukulia kama utoto au ushamba. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza njia tatu ambazo binadamu huzipitia kuipata hofu: kupatwa na jambo mwenyewe, kumwona mwingine akipatwa au akiogopa, na kuambiwa. Katika maisha ya Kwale njia zote tatu ziko wazi. Wapo waliong'atwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wapo ambao tangu wakiwa wamebebwa mgongoni wamehisi mwili wa mama ukikakamaa kila mbwa apitapo. Wapo walioonywa tangu utotoni wasimsogelee. Isitoshe, mbwa ambao mtoto wa kijijini hukutana nao mara nyingi ni wa kuzurura, au wa kulinda mahindi na mihogo dhidi ya tumbili, nyani na nguruwe mwitu. Mbwa wa shamba kazi yake ni kufukuza. Mtoto anayemkwepa ameyasoma mazingira yake sawasawa, na akishakuwa mtu mzima hawezi kuyafuta mafunzo hayo kwa sababu tu amefika kwenye nyumba ambayo mbwa wake hulala sebuleni.

Hofu hiyo ina msingi mwingine ulio mzito zaidi, nao ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi, na haujaondoka hadi leo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kenya ilijiwekea mkakati mwaka 2014 wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili mlolongo wa maambukizi ukatike. Sasa mgeni asimame langoni mwako. Hajui kama mbwa wako amechanjwa, na hawezi kulisoma hilo kwenye manyoya yake. Anachojua ni kwamba jino likigusa ngozi, itambidi kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kukimbilia hospitali, kurudi tena na tena kuchomwa sindano, na kulipa nauli ya kila safari. Anayeyapima yote hayo na kuamua kubaki nje ana akili timamu.

Msingi wa tatu ni wa ibada, na mwenye mbwa asiye Mwislamu anapaswa kuuelewa vizuri badala ya kuubuni kichwani. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Mate au unyevu wake ukigusa chombo, nguo au ngozi, panahitaji kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Madhehebu mengine yana rai tofauti, na Wamaliki humwona mbwa aliye hai kuwa si najisi. Hakuna katika haya fundisho la kumchukia mbwa: Kurani inaruhusu windo la mbwa aliyefunzwa, na hadithi mashuhuri inamtaja aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Lakini mzee aliyevaa kanzu akielekea kuswali adhuhuri hana muda wa mjadala wa madhehebu. Pua mbichi ya mbwa ikigusa kanzu yake, amepata kazi ya kuosha na huenda akaikosa swala ya jamaa. Kwake yeye, kuambiwa "haumi" ni kujibiwa swali ambalo hakuuliza.

Tumtazame sasa mbwa, kwani naye ana upande wake. Utafiti wa John Paul Scott na John Fuller, waliouchapisha kama kitabu mwaka 1965, ulionyesha kwamba mtoto wa mbwa huwa na kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho humjengea picha ya ulimwengu wa kawaida. Anachokiona na kukizoea wakati huo hakimtishi baadaye; asichokiona humtia shaka. Mbwa wengi wa nyumba za ufuoni hukua nyuma ya ukuta, wakiona kaptura na suruali za watu wachache. Siku wanapomwona mama wa buibui mwenye ndoo kichwani, mgema aliyebeba vifaa vyake, au kijana wa bodaboda aliyevaa helmeti, hubweka kwa sababu hawajui ni nini kimekuja. Mwenye nyumba hudhani mbwa wake ana kipaji cha kumtambua mwizi, kumbe amemlea mnyama anayewaogopa majirani. Huku nje kuna mtu mwenye hofu, na ndani kuna mbwa mwenye hofu.

Wawili hao wakikutanishwa ghafla, kila mmoja humwongezea mwenzake hofu. Mtu aliyeshtuka hupiga kelele, huinua mikono, humkazia mbwa macho au hukimbia. Kwa mbwa, macho makavu na mikono iliyoinuliwa ni tishio, na anayekimbia huamsha silika ya kufukuza. Mbwa naye hutoa ishara ambazo mgeni hazijui: kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, kugeuza kichwa, kukaza mwili, kuonyesha weupe wa macho. Hata mkia unaotikisika si ahadi ya urafiki. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa hutikisa mkia zaidi upande wa kulia anapomwona bwana wake, na zaidi upande wa kushoto anapomwona mbwa mgeni mwenye ubabe. Ndiyo maana neno "haumi" halina uzito wa ushahidi. Linasema tu kwamba mpaka leo, kwa watu aliowazoea, hajauma. Halisemi atafanya nini mbele ya mtoto anayepiga kelele na kukimbia. Mbwa akikaripiwa au kupigwa kwa kunguruma, jambo huharibika zaidi, kwa kuwa anajifunza kunyamaza, na siku uvumilivu ukimwishia atauma bila onyo.

Kutokana na hayo, utaratibu ufaao unajulikana, na haugharimu sana. Kwanza, mbwa atengwe kabla mgeni hajaingia, si baada ya mgeni kupiga ukelele. Ukimwalika mtu, muulize kwa simu kama ana shida na mbwa, na jibu lake ulipokee bila kudai maelezo. Pili, kati ya mbwa na njia ya mgeni pawe na vizuizi viwili, kwa mfano mlango wa chumba na geti dogo la ua wa nyuma, ili mtoto akisahau kufunga kimoja kibaki kingine. Tatu, langoni pawe na kengele, au namba ya simu iliyoandikwa wazi, ili mtu aite akiwa upande salama wa ukuta. Kibao cha "Mbwa Kali" peke yake kinatisha tu. Hakimwambii mgeni afanye nini. Nne, baraza na sebule ya wageni ziwe mahali ambapo mbwa haingii kabisa, siku zote, ili anayetaka kuswali apate mkeka na sakafu asiyoitilia shaka. Na mbwa anayekwenda faragha apelekwe kwa wema: atembezwe kwanza achoke, apewe maji, kivuli na mfupa wa kutafuna, na azoezwe mahali hapo siku zisizo na wageni. Akizoea hivyo, kufika kwa mgeni kutakuwa kwake ishara ya mapumziko na chakula.

Utaratibu huu ni wa lazima zaidi kwa wale ambao hatuwaiti wageni. Mtu aliyealikwa chai anaweza kuomba udhuru akaondoka. Mchuuzi wa samaki, kibarua wa bustani, fundi wa bomba na msichana wa kazi hawana hiari hiyo, kwa sababu riziki yao iko ndani ya geti. Katika ukanda huu ambapo nyumba za likizo zimesimama ubavuni mwa vijiji vya Wadigo, mwenye mbwa mara nyingi ndiye mwenye fedha, na mwenye hofu ndiye anayehitaji kazi. Mfanyakazi akicheka na kusema hana neno, kicheko hicho kisichukuliwe kuwa ridhaa. Mwajiri amuulize siku ya kwanza, amweleze mbwa atakuwa wapi na saa ngapi, amwonyeshe cheti cha chanjo, na asimpe kazi ya kumlisha au kumwogesha mbwa bila kukubaliana naye kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mbwa anayefungiwa hana faida ya ulinzi. Pingamizi hili lina uzito, maana nyumba nyingi za ufuoni ziko mbali na barabara, na wizi upo. Lakini ulinzi anaoutoa mbwa zaidi ni wa masikio na sauti: hung'amua kabla ya binadamu na kumwamsha mwenye nyumba. Kazi hiyo anaiweza akiwa nyuma ya wavu mchana, na akiwa huru ndani ya ukuta usiku, wakati hakuna mgeni anayetazamiwa. Mbwa anayemkurupukia kila apitaye hatoi tena taarifa, kwa kuwa jirani huzoea kelele zake na kuzipuuza hata usiku wa hatari.

Wengine watasema kumtenga mbwa ni ukatili. Kumfunga mnyororo mfupi juani kutwa nzima ni ukatili kweli, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360. Pia mnyororo humzidishia mbwa ukali, kwa kuwa humnyima njia ya kukwepa kinachomtisha. Saa mbili katika chumba chenye hewa na maji ni jambo jingine kabisa. Mkatili ni yule anayemwacha mbwa wake katika hali ya kuuma, kwa sababu mbwa aliyeuma kijijini mara nyingi hulipa kwa uhai wake, ama kwa mawe ama kwa sumu.

Pingamizi la mwisho hutolewa kwa nia njema: mgeni akikutana na mbwa mpole atapona hofu yake. Ni kweli hofu hutibika kwa kukutana na kinachoogopwa. Wataalamu wa tiba wamelionyesha hilo: Joseph Wolpe alieleza njia ya hatua kwa hatua mwaka 1958, na Lars-Göran Öst akaonyesha mwaka 1989 kwamba hofu ya aina hii inaweza kupunguzwa sana katika kikao kimoja cha saa chache. Lakini katika tiba hizo zote mwenye hofu ndiye aliyeomba, anajua kitakachofuata, na ana mamlaka ya kusema basi. Kumfungulia mbwa mtu asiyeomba hakumtibu, na huenda kukaizidisha hofu. Akitaka mwenyewe kujaribu, mbwa ashikwe kamba na mtu mzima, akae mbali, atazame pembeni, na umbali upunguzwe na mgeni peke yake. Asipotaka, mazungumzo yaishe hapo.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hawezi kumponya mwenyeji ikiwa amesimama barabarani akitetemeka, au ikiwa ameacha kuja kabisa na hakuna aliyewahi kujua sababu. Munje inazidi kuwa mahali pa watu wa asili nyingi, wengine wakiwa wamelala na mbwa kitandani tangu utotoni na wengine wakiwa hawajawahi kumgusa. Hakuna haja ya upande mmoja kubadili imani au hisia za mwenzake ili wakae pamoja. Inatosha kwamba aliyemleta mnyama katika ujirani huo abebe mzigo wa kumdhibiti: amchanje, amlee akiwaona watu wa hapa tangu akiwa mdogo, na amtenge kabla lango halijafunguliwa. Mzigo huo ni wake kwa haki, kwa sababu kati ya watatu wanaokutana langoni, yeye peke yake ndiye aliyechagua kuwa na mbwa.