Die Prinzessin von Sansibar

Die Prinzessin von Sansibar (yaani "Binti Mfalme wa Zanzibar") ni filamu ya hali halisi ya Kijerumani ya mwaka 2007 kuhusu Sayyida Salme (1844–1924), binti wa Sultani Said bin Sultan.

Salme alipendana na jirani yake katika Mji Mkongwe, mfanyabiashara Heinrich Ruete wa Hamburg, akapata mimba. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, ambako mwaka uliofuata alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku ileile. Mwaka 1870 Heinrich alikufa Hamburg kwa ajali ya tramu, akiacha watoto watatu wadogo.

Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi. Ndugu yake kwa baba, Sultani Barghash, alikataa kumpokea. Bismarck alimtumia zaidi kumtisha Barghash kuliko kumsaidia yeye.