Neno Moja, Mizigo Mingi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mwanafunzi, mfasiri na hata karani mzoefu, neno "charge" limo katika mstari wa mbele. Mwenye duka hulitumia kwa bei anayotoza; polisi kwa shitaka; fundi kwa umeme unaotiwa katika betri; mvunja miamba kwa kiasi cha baruti anachokitegesha; na jemadari kwa kuwaamuru askari wake wamvamie adui. Ni maana tano za neno moja, wala kwa kuzitazama hazielekei kuwa na undugu.

Hata hivyo undugu upo. Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambamo asili yake ni kulipakia gari mzigo. Basi mzigo ndio ufunguo. Baruti ni mzigo wa mzinga, umeme ni mzigo wa betri, bei ni mzigo wa mnunuzi, na shitaka ni mzigo aliotwishwa mtuhumiwa. Hata shambulio laweza kufikiriwa kuwa ni uzito wa kikosi kizima unaomwangukia adui.

Lakini ajuaye asili hajamaliza kazi, kwani vijineno vinavyolizunguka hugeuza mambo. Jeshini, aliye "in charge" ni kiongozi, bali aliye "on a charge" ameshitakiwa kwa kosa la nidhamu. Sajini akiwa "in charge of" mahabusu, yeye ndiye mlinzi. Mahabusu akiwa "in the charge of" sajini, yeye ndiye mlindwa. Mfasiri akikiruka kijineno hicho kimoja, atamkabidhi mfungwa funguo za mahabusi!

Historia ya vita nayo yatuonya juu ya maneno ya kawaida. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika rasi ya Crimea, Lord Raglan wa Uingereza, akiwa kilimani, aliamuru kwa maandishi kwamba askari wa farasi wawazuie Warusi wasiiondoe mizinga. Alikusudia mizinga waliyowateka Waturuki, lakini amri haikusema ni mizinga ipi. Lord Lucan, aliyekuwa bondeni, hakuweza kuiona hiyo. Kwa hiyo wapanda farasi wapatao 670 walielekezwa kwenye mizinga ya Warusi mwishoni mwa bonde, huku wakipigwa kutoka pande tatu. Zaidi ya 100 waliuawa. Shambulio hilo, ambalo Waingereza hadi leo huliita kwa neno lile lile "charge", lilitokana na neno jingine jepesi, lililokuwa wazi kwa mwandikaji na giza kwa msomaji.

Kiswahili kimejaliwa kutoza, kushitaki, kuchaji, kutegesha, kushambulia na kukabidhi, kila neno na mahali pake. Mfasiri asifasiri neno pekee, bali sentensi nzima. Naye mwenye kuandika amri na ajiulize kwanza: atakayeisoma, pale aliposimama, ataona nini?