KABATI LA NYANYA LIMEPATA SURA MPYA
(Jinsi ya kufufua kabati la jikoni kwa pesa kidogo)

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika gazeti letu tumezoea kusoma makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa kusoma kwa bidii. Mimi leo nimeamua kuandika kuhusu kabati. Tafadhali usicheke kwanza! Ukimaliza kusoma, nenda ukalitazame kabati la mama yako, halafu uniambie kama mada hii ni ya mzaha.

Kwanza kabisa tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Neno "kabati" tulilipata kwa Waingereza. Huko pwani utasikia pia "almari", neno lililotoka kwa Wareno na kupitia Bara Hindi kabla ya kufika kwetu. Lakini kabla ya majina hayo, watu walikuwa wakihifadhi vyombo. Katika nyumba za kale za Lamu kuna vidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ndani ya kuta, ambamo sahani na bakuli za Kichina ziliwekwa. Huku kwetu Ziwani, nyanya zetu walikuwa na dak ya maji, agulu ya kupikia na agwata ya kuchotea, kila kimoja na mahali pake. Kwa hivyo kabati ni mgeni tu, ingawa sasa amekuwa mwenyeji katika kila jikoni, kuanzia Shauri Yako hadi Makongeni.

Kabati la kwetu alilinunua nyanya mwaka wa 1989. Ni la mbao za saiprasi, lina milango minne na mtoto mmoja wa kuvuta. Mama alilirithi. Lakini mwaka jana lilikuwa limechoka kabisa: rangi imebambuka, mlango mmoja unaning'inia, jingine halifungi, moshi wa makaa umelifanya jeusi ti! Wageni wakija mama anafunga mlango wa jikoni haraka. Akaamua kununua jipya. Fundi akamwambia, "Mama, kwa vile ni wewe, leta elfu kumi na nne na mia tano." Mama huuza omena sokoni. Pesa hizo ndizo zilikuwa za chakula chetu cha mchana shuleni, mimi na dada yangu, kwa muhula mzima. Sisi wa shule za kutwa tunajua maana ya kukosa pesa za lunchi: wenzako wanapanga foleni na sahani, wewe unasoma kitabu chini ya mti na tumbo linanguruma.

Mbona mbao ni ghali hivi? Sababu ni nyingi, lakini moja iko wazi. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma ili kulinda vyanzo vya maji. Mbao zikaadimika na bei ikaruka. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hayo, lakini bei ikipanda kushuka ni kazi. Basi ukiwa na mbao nzuri nyumbani, hata kama ni za zamani, una mali. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

LICHUNGUZE KAMA DAKTARI

Jambo kuu ninalotaka ulishike ni hili: kabati halizeeki lote kwa pamoja. Huzeeka sehemu sehemu. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, tafuta ni sehemu gani inayougua. Mimi hugawa kabati mara tatu: mifupa, viungo na ngozi.

Mifupa ni fremu, rafu na miguu. Chukua bisibisi, udunge mbao polepole, hasa miguuni na upande wa nyuma. Ikiingia kama kwenye embe lililoiva, hapo pameoza. Kisha gonga kwa kidole. Mlio wa uwazi kama wa debe tupu ni dalili ya mchwa, na ukiona vijia vya udongo nyuma yake hakuna haja ya kubahatisha. Kama ni mguu mmoja tu, mwombe fundi auondoe na kuweka mwingine. Mti wa siala unafaa sana kwa kazi hii kwa sababu mchwa hawaupendi. Lakini kama mchwa wamekula fremu yote, usipoteze rangi yako. Pia kama kabati ni la ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na umeshanyonya maji ukafura, hautarudi tena. Huko ni kumpaka maiti wanja.

Viungo ni bawaba, skrubu na mtoto wa kabati. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wakiona mlango unaning'inia wanasema kabati limekufa, kumbe ni tundu la skrubu tu limepanuka! Toa skrubu, jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, zikauke, ukate zilizojitokeza, halafu urudishe skrubu. Itashika kama mpya. Mtoto anayekwama, msugue kando kwa kipande cha mshumaa au sabuni kavu, atateleza mwenyewe.

Na mlango unaokwaruza? Hapo uwe na subira. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Mlango unaokataa kufunga mwezi wa Aprili, wakati wa mvua ya masika, huenda ukafunga vizuri bila shida mwezi wa Januari. Ukiupiga randa wakati wa mvua, kiangazi kikija utabaki na mwanya wa kupitisha panya. Kaza bawaba kwanza, ungoje jua, ndipo uamue.

Ngozi ni rangi. Ngozi ndiyo inayotia mama aibu, lakini ndiyo ugonjwa mdogo kuliko yote. Ukikuta mifupa ni mizima, basi kabati lako lina maisha. La kwetu lilikuwa na mifupa mizima.

HATARI ILIYO NDANI YA RANGI YA ZAMANI

Hapa naomba usome polepole. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na kukauka upesi. Madini hayo yakiingia mwilini huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na uharibifu huo haurudi nyuma. Wakenya wengi walijifunza ubaya wa risasi kutokana na kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua hewa na udongo. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo baada ya Mahakama ya Rufaa kuutengua.

Kabati si kiwanda, najua. Lakini ukilisugua likiwa kavu ndani ya nyumba, vumbi la rangi ya mwaka wa 1989 linatua kwenye sufuria, sakafuni na kwenye vidole vya mtoto. Kwetu kuna mdogo wangu wa miaka mitatu ambaye kila kitu huenda mdomoni. Kwa hivyo tulifuata sheria hizi:

1. Kazi ifanyiwe nje, mbali na watoto na mbali na chakula.
2. Tumia msasa wa maji. Lowesha kila mara ili vumbi lisiruke. Funga pua na mdomo.
3. Rangi ya zamani iliyoshika imara usiing'oe. Ikwaruze kidogo tu ili rangi mpya ipate pa kushika. Usiichome kwa moto kamwe.
4. Tandika nailoni chini. Ukimaliza, ikunje na uchafu wake, uitupe na taka. Usimwage shambani wala ziwani.
5. Nawa mikono na ubadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto.

Ukinunua rangi mpya, tafuta alama ya ubora ya KEBS kwenye mkebe. Viwango vya sasa vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, hata kama ni rahisi, achana nayo. Rahisi huvunja upishi.

KAZI YENYEWE

Tulifanya kazi hii likizo ya Agosti, kwa siku tano. Siku ya kwanza tulitoa vyombo vyote na kufungua milango. Tuliandika namba kwa chaki nyuma ya kila mlango ili usije ukarudi mahali pa mwenzake. Kisha tukaosha. Rangi haishiki juu ya mafuta, na jikoni kuna mafuta hata usipoyaona. Sabuni pekee haikutosha, tukatumia maji ya jivu yaliyochujwa. Hiyo ni Kemia, jamani! Jivu lina alkali, na alkali hugeuza mafuta kuwa sabuni. Baadaye tukasuuza kwa maji safi na kuanika kivulini, kwa sababu jua kali hupinda mbao.

Siku ya pili tulitengeneza viungo, tukaziba nyufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha tukapiga msasa. Siku ya tatu tukapaka andakoti, ambayo ndiyo inayoshikanisha mbao na rangi. Siku ya nne na ya tano tukapaka rangi ya mafuta, mara mbili, nyembamba nyembamba. Ukiipaka nzito itachuruzika kama uji. Tulichagua rangi ya malai kwa sababu jikoni yetu ina dirisha moja dogo, na rangi nyeupe nyeupe hurudisha mwanga.

Jambo moja kwa wakazi wa Ziwani: paka asubuhi. Ukipaka jioni ukiwa na taa, wale wadudu wadogo wa ziwani watakuja kama wingu, na kabati lako litakuwa na manyoya!

Mlango mmoja wa juu tuliutoa ubao wa katikati, tukaweka waya wa mbu ili chakula kipate hewa. Vishikio tulikata kutoka kwa mshipi wa ngozi uliochakaa. Miguu tuliisimamisha ndani ya mikebe yenye oili chafu kidogo ili mchwa na sisimizi wasipande. Usiweke maji matupu, utafuga mbu na kualika malaria. Na oili hiyo isiguse rafu za chakula.

Hesabu yetu ilikuwa hivi:

Msasa karatasi 4 – sh. 200
Andakoti lita 1 – sh. 450
Rangi ya mafuta lita 1 – sh. 700
Tapentaini nusu lita – sh. 150
Brashi – sh. 100
Bawaba jozi 2 – sh. 120
Skrubu – sh. 60
Gundi ya mbao – sh. 120
Waya wa mbu mita 1 – sh. 150
JUMLA – sh. 2,050

Toa hiyo katika 14,500, unabaki na sh. 12,450. Muhula wa tatu mimi na dada yangu tulipanga foleni ya lunchi kama wengine.

Nikitia nanga, sisemi kwamba mafundi wasipewe kazi. Kuna kazi za fundi, kama kubadilisha mguu au rafu, na mlipe vizuri. Ninachosema ni kwamba ukienda kwake uwe tayari unajua kinachougua, ili ununue dawa ya ugonjwa na si kubadilisha mgonjwa. Dawati lako hapo darasani linayumba? Pengine linataka njiti tatu za kibiriti na gundi tu. Likizo ijayo, kabla mzazi hajasema "hii tutupe", chukua bisibisi, udunge, ugonge, usikilize.