Umetengeneza programu ya kuuzia mazao? Usimwache mkaguzi getini

Leo mbolea na viuatilifu tuviweke pembeni. Wengi wenu mmeanza kutengeneza programu za simu za kuuzia mazao, na msimu uliopita nimejifunza jambo kwa uchungu.

Kuna kikundi cha vijana wa vitunguu ninachokilea. Walichanga, wakamlipa fundi, ikatoka programu safi: mkulima anaandika kilo alizonazo, mnunuzi aliye karibu anaona, anapiga simu. Tukaituma ikaguliwe wiki tatu kabla ya kuvuna. Ikakataliwa. Tukaituma tena vilevile, ikakataliwa tena. Huku vitunguu vimeshang'olewa na kukaushwa. Ikabidi tuwapigie madalali walewale tuliotaka kuwakwepa, na bei wakapanga wao.

Nikasema tunaonewa. Baadaye nikakaa nikausoma ujumbe wao taratibu: mkaguzi alishindwa kuingia. Programu yetu ilitaka namba ya simu, kisha inatuma namba ya siri kwa meseji. Mkaguzi yuko ng'ambo, hana laini ya Tanzania. Jamani, ukiniita mimi bwana shamba nikague shamba lako, halafu ukafunga geti na kuondoka na ufunguo, nitakagua nini? Kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo ukituma programu yako, mwandikie mkaguzi haya, kwa Kiingereza chepesi:

1. Namna ya kuingia. Mpe akaunti ya majaribio yenye jina na nenosiri lisiloisha muda, bila kusubiri meseji. Play Console ya Google na App Store Connect ya Apple zote zina sehemu ya kujaza hayo. Google wanataka taarifa hizo zifanye kazi popote mkaguzi alipo.

2. Atakachokikuta ndani. Yetu ilionyesha wanunuzi wa karibu tu. Mtu akiifungua akiwa Marekani, anaona ukurasa mtupu! Akaunti ya majaribio iwekee eneo la hapa kwetu, na mazao ya mfano ndani yake.

3. Hatua za kufuata. Bonyeza hapa, chagua zao, andika kilo, tuma. Kama vitufe viko kwa Kiswahili, mweleze kila kimoja maana yake. Usidhani anajua lumbesa ni nini.

4. Sababu ya kila ruhusa. Unataka kamera? Sema ni ya kupiga picha mzigo. Unataka kujua mtu alipo? Sema kwa nini. Usiyoihitaji, iondoe kabisa.

5. Kinacholipiwa. Kama watu wanalipa ndani ya programu, sema wazi kwamba wananunua vitunguu vya kwenye gunia. Kanuni za malipo ya bidhaa ya kushikika ni tofauti na za huduma ya ndani ya simu.

6. Mtu wa kuwasiliana naye. Weka simu na barua pepe ya mtu anayejibu kweli, na seva iwe hewani muda wote wa ukaguzi.

Halafu hesabu siku zako. Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa kwanza ifanye majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Ukaguzi wenyewe unaweza kuchukua siku 7 au zaidi.

Mara ya tatu tuliandika yote hayo, ikapita. Ila stoo ilikuwa tupu, hatuna hata gunia moja la kuweka humo. Msimu huu tumekubaliana: marekebisho yoyote yatumwe miche ikiwa bado kitaluni. Nawe fanya hivyo, mwenzangu.

Kazi njema shambani.