Ganda la Rodi na Bei ya Elektroni

Mpe fundi wa mageti wa Kianda, kule Kibera, rodi ya kuchomelea iliyobanduka ganda, naye ataiweka kando. Anajua itanata kwenye chuma, irushe cheche, kisha izime. Sababu ni uhaba wa ioni chanya, ingawa neno hilo halijamsaidia kuuza geti hata moja.

Atomi ikinyang'anywa elektroni hubaki na chaji chanya iliyozidi. Hiyo ndiyo ioni chanya. Unyang'anyi huo hutaka nguvu: joto kali, eksirei, au elektroni nyingine inayokuja mbio na kugonga.

Kuchomelea hutumia joto na kugonga kwa pamoja. Fundi hugusisha rodi kwenye chuma, halafu huiinua kidogo tu. Upande hasi ulioshika moto hutema elektroni, umeme huzisukuma, nazo hugonga atomi za gesi iliyo katikati na kung'oa elektroni nyingine. Hewa iliyokuwa ikizuia umeme sasa inaupitisha, na mwali unawaka.

Kuuwasha si kazi. Kazi ni usizime. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo kwenye mashine ya transfoma mkondo hufika sufuri mara 100 kila sekunde. Kila unapofika hapo, elektroni hurudi kwa ioni zake na njia huanza kufungika.

Ndiyo maana ganda hutiwa potasiamu. Kung'oa elektroni moja ya potasiamu hugharimu nishati ya elektronivolti 4.3, ya chuma 7.9, ya naitrojeni 14.5. Kwa bei hiyo ya kutupa ya potasiamu, joto lililosalia hutosha kuiacha njia wazi mpaka mkondo urudi. Ganda lina kazi nyingine pia, kama kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, na mara nyingi lina rutili, madini yaliyochimbwa Kwale hadi mwishoni mwa 2024.

Dukani, soma namba. Rodi ya 6010 ina sodiamu, ambayo bei yake ni 5.1, nayo hutaka mashine ya mkondo usiogeuka. Za 6011 na 6013 zina potasiamu, na transfoma huziwasha bila ubishi. Kinachoitenganisha 6010 na hizo mbili hapo ni elektronivolti 0.8.